Nyaraka zinapowakwamisha watumiaji: dalili, vyanzo na tiba kwa programu kubwa ya kisayansi

Programu ninayoihudumia inakadiria maji ya Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, yatafika wapi mvua ikinyesha kwa nguvu. Imepita mikononi mwa watu wengi: kiini cha hesabu kimeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Fortran, juu yake kuna lugha nyingine, Python, na pembeni kuna vipande vya kusoma mvua, mwinuko wa ardhi na ramani za mitaa. Nyaraka zake, yaani maandishi ya kuwaelekeza watumiaji, nazo zimepita mikononi mwa watu wengi, na kwa muda mrefu zilitutesa kuliko hitilafu za msimbo (code) wenyewe. Masika moja, barabara ya Morogoro ikiwa imefungwa pale Jangwani, kijana wetu alishinda siku nzima akihangaika kuiendesha programu kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuna aliyeuandika kwenye nyaraka. Tangu siku hiyo ninazishughulikia nyaraka kwa kufuata dalili, na hapa nimeweka dalili ninazokutana nazo mara nyingi zaidi, chanzo cha kila moja, na kilichotusaidia.

Kabla ya kugusa chochote: kaa na mgeni

Usianze kwa kuandika ukurasa mpya. Tafuta mtu asiyeijua programu, mpe laptopu na kiungo cha nyaraka, ukae kando yake saa moja bila kumsaidia. Mwambie mapema kwamba anayepimwa si yeye.

Mimi nilikaa na binti aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Alifungua ukurasa wa “Anza hapa”, akasoma aya mbili, akashuka hadi chini, akapanda tena juu. Akafungua dirisha jingine, akaandika “kusoma data ya mvua” kwenye kisanduku cha kutafuta. Hakupata kitu, kwa kuwa ukurasa aliouhitaji sisi tuliuita “Moduli ya pembejeo”. Akarudi. Baada ya kama dakika kumi na mbili akanigeukia: “Samahani kaka, hii folda ya data wanayoisema naipata wapi?”

Folda hiyo ilikuwa kwenye kompyuta ya mwenzetu aliyekwishaacha kazi. Sisi wengine wote tulikuwa na nakala, tulizopewa kwa flashi siku tulipoanza, kwa hiyo hakuna aliyeliona pengo. Ukurasa ulikuwa umesomwa na kupitiwa mara nyingi na watu ambao tayari walikuwa na folda.

Wakati wa kukaa hivyo andika mambo matatu tu: alipositisha macho, alipobofya, na maneno aliyoyatafuta. Hayo maneno yatunze vizuri, utayahitaji hapa chini.

Dalili: swali lilelile linarudi kila wiki, ilhali jibu limeandikwa

Hii ndiyo dalili inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayowafanya wataalamu waseme “watu hawasomi”. Naomba tuache kusema hivyo. Katika kundi letu la WhatsApp nilichukua maswali ya mwezi mzima nikayafuata moja moja. Karibu kila aliyeuliza alikuwa ameshafungua nyaraka. Alifika kwenye ukurasa wenye jibu, akalipita.

Chanzo cha kwanza ni ukurasa mmoja kubeba kazi nyingi. Daniele Procida ameupa ulimwengu wa programu mpango uitwao Diátaxis, unaogawa nyaraka katika aina nne: somo la kuanzia, maelekezo ya kazi fulani, marejeo, na maelezo ya sababu. Mwaka 2020 mradi wa NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, nao uliandaa pendekezo la kupanga upya nyaraka zake kwa aina hizo nne, katika waraka wake unaojulikana kama NEP 44. Kwa programu ya mafuriko mgawanyo huo unakuwa hivi. Somo la kuanzia linamshika mgeni mkono: mvua ya siku moja, kipande kidogo cha bonde, ramani moja mwishoni, bila kumpa chaguo lolote njiani. Maelekezo ni ya mtu anayeijua programu na ana kazi mkononi, mathalani kubadilisha ramani ya mwinuko. Marejeo ni kama kamusi, hayasomwi mfululizo. Mtu anachungulia jina la kigezo na kuondoka. Maelezo ya sababu ni ya mtu aliyetulia, anayetaka kuelewa kwa nini tulichagua njia hii ya hesabu.

Ukurasa wetu wa “Anza hapa” ulikuwa na vyote vinne. Aya ya tatu ilishaingia kwenye milinganyo ya Saint-Venant, ya kukokotoa mwendo wa maji, kabla mgeni hajasakinisha chochote. Aya ya tano ilikuwa orodha ya vigezo vyote. Amri moja aliyoihitaji ilikuwa katikati, kama sindano kwenye pumba.

Kipimo ninachokipenda ni cha karatasi. Chapisha ukurasa, chukua kalamu za rangi nne, upake kila sentensi rangi ya aina yake. Aya yenye rangi tatu imevunjika, igawe. Wenzangu walidhani huu ni mchezo wa watoto hadi walipouona ukurasa wao wenyewe ukiwa na rangi kama kanga. Lakini usihamishe kila kitu kwa siku moja. Viungo vya zamani vimenakiliwa kwenye ripoti, barua pepe na daftari za wanafunzi. Kila ukurasa unaouhamisha uache nyuma yake kielekezo kinachompeleka msomaji mahali papya.

Chanzo cha pili ni vichwa vya habari vilivyoandikwa kwa lugha ya mwenye nyumba. Hapa ndipo yale maneno uliyoyaandika ukiwa na mgeni yanapofanya kazi. “Moduli ya pembejeo” ikawa “Kusoma data ya mvua”. “Usimamizi wa hali” ikawa “Kusimamisha hesabu na kuiendeleza kesho”. Hiyo ya pili ilipunguza maswali ndani ya siku chache tu, maana hapa umeme ukikatika katikati ya hesabu ndefu kila mtu anataka kujua jambo hilohilo.

Dalili: mfano unanakiliwa neno kwa neno, na bado unagoma

Mara nyingi mfano ulikuwa sahihi siku ulipoandikwa. Kinachobadilika ni kilichoko chini yake. NumPy ilitangaza katika toleo la 1.20 kwamba majina kama `np.int` na `np.float` yataondolewa, na katika toleo la 1.24 yakaondolewa kweli. Masomo yote ya zamani yaliyotumia majina hayo yaliacha kufanya kazi kwa atakayesakinisha toleo jipya. Mwanafunzi anayeona ujumbe wa hitilafu kwenye somo la kwanza hajui kwamba kosa ni la umri wa ukurasa. Anadhani ni lake.

Tiba ina sehemu mbili. Ya kwanza, kila ukurasa useme juu kabisa unahusu toleo gani, na nyaraka za matoleo ya nyuma zibaki zinapatikana. Ya pili ina uzito zaidi: mifano iendeshwe na mashine kila msimbo unapobadilika. Python ina `doctest`, inayosoma mifano iliyo ndani ya maelezo ya fanksheni, inaiendesha, na kulinganisha jibu na lile lililoandikwa. Kwa mifano mirefu, tunaweka msimbo kwenye faili lake lenyewe ndani ya folda ya majaribio, kisha Sphinx, programu ya kutengenezea nyaraka, inauchomeka kwenye ukurasa. Hakuna anayenakili kwa mkono, kwa hiyo hakuna nakala ya kuchakaa. Sphinx hiyohiyo ina amri ya `linkcheck` ya kukagua viungo vilivyokufa. Tunaiendesha kila Jumatatu.

Dalili: programu haikulalamika, jibu limetoka, lakini si la kweli

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa nyaraka mbovu zinaweza kuumiza watu. Ramani ya mafuriko iliyokosewa inaweza kumwambia mama wa Mkwajuni kwamba nyumba yake iko salama.

Dalili hii ina familia ya vyanzo, na kila kimoja kina alama yake.

Kama kilele cha maji kinapishana na mvua kwa saa 3, tafuta mahali ambapo mtu mmoja ametumia saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na mwingine saa zetu za Afrika Mashariki. Kama kinapishana kwa saa 6, chanzo ni saa za Kiswahili. Mtu aliyesimama mtoni anaandika kwenye daftari “saa 8 mchana”, anayeingiza data anapiga 08:00, na maji yanaonekana yamepanda asubuhi kabla mvua haijaanza. Tulilitafuta kosa hilo kwenye milinganyo kwa siku mbili. Fomu ya uwanjani haikuwa na neno lolote kuhusu saa. Na kama kila kitu kimepishana kwa siku nzima, angalia mvua ya kila siku imepimwa lini: kipimo cha mvua husomwa saa 3 asubuhi, na maji yaliyomo ni ya saa 24 zilizotangulia, kwa hiyo sehemu kubwa ya mvua hiyo ni ya jana.

Kama mvua ni mara mbili ya inavyotarajiwa, shuku data za setilaiti. IMERG, data ya mvua ya NASA, hutoa kipande kila nusu saa, lakini namba iliyomo ni milimita kwa saa. Ukijumlisha vipande 48 vya siku bila kugawa kwa 2, umeinyeshea Dar es Salaam mara mbili.

Kama ramani ya mto na ramani ya nyumba zote ni nzuri lakini mto unapita juu ya paa, pima umbali wa mpishano. Ukiwa takriban mita 300, kuelekea kaskazini au kusini, kuna uwezekano mkubwa kwamba ramani moja iko kwenye Arc 1960, mfumo wa ramani zetu za zamani, na nyingine kwenye WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS. Zote zinajiita UTM (njia ya kutaja mahali kwa mita) kanda ya 37 kusini, na hilo ndilo linalodanganya. Namba zake za EPSG, orodha ya mifumo ya ramani, ndizo zinazozitofautisha: 21037 na 32737. Andika namba. Neno “UTM” peke yake halimsaidii msomaji.

Na kama kuna shimo lenye kina cha mita 32,768 katikati ya bonde, hilo si shimo. Data za mwinuko za SRTM, zilizokusanywa na chombo cha anga Februari 2000, hutumia -32768 kumaanisha “hapa hakuna kipimo”. Programu yetu iliipokea kama mwinuko halali na maji yote ya Msimbazi yakamiminika humo. Mji mzima ulibaki mkavu kwenye ramani.

Vyanzo hivi vyote vina mzizi mmoja: ukurasa wa marejeo uliandika jina la kigezo na kuishia hapo. “`mvua`: data ya mvua.” Sasa hatukubali kigezo kuingia kwenye marejeo bila kutaja kipimo chake (milimita, mita na kadhalika), mipaka yake, namba inayomaanisha hakuna data, ukanda wa saa na mfumo wa ramani. Vilevile tunaziandika taarifa hizo ndani ya faili la data lenyewe. Kwa mafaili ya netCDF, aina ya faili la data za kisayansi, kuna mkataba wa CF unaotumiwa sana na watu wa hali ya hewa, wenye sehemu za `units` (kipimo) na `_FillValue` (namba ya hakuna data). Faili likihama kutoka ofisi moja hadi nyingine, maelezo yanahama nalo. Na pale inapowezekana, programu ikatae kuendelea kipimo kikikosekana. Ni bora mtu akwame akiwa ofisini.

Kuandika tu hakutoshi, nalisema hili kwa uzito. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter. Waraka wa makubaliano ulitaka namba za msukumo ziwe kwa nyutoni-sekunde. Programu moja ya ardhini ikazitoa kwa pauni-nguvu-sekunde, na hakuna jaribio lililolinganisha waraka na faili lililotoka. Waraka ulikuwepo. Ndiyo maana kila kipimo tunachokiandika kwenye marejeo kina jaribio dogo linalokikagua.

Dalili: kurasa mbili zinapingana

Kuna nakala mbili za jambo moja. Chagua nyumba moja ya jambo hilo, nyingine igeuze kuwa kiungo. Maelezo ya fanksheni yakae ndani ya msimbo, Sphinx iyavute kutoka humo. Hii ni kazi ya mchana mmoja, usiipe mkutano.

Dalili: watu wanaelewa wakielezwa kwa mdomo, hawaelewi wakisoma

Hii ni ya kwetu hasa. Tunajadiliana kwa Kiswahili asubuhi hadi jioni, kisha mtu anakaa kuandika kwa Kiingereza, na yale aliyoyaeleza vizuri sana akiwa amesimama mlangoni yanapotea. Kinachobaki ni sentensi zilizokauka. Msomaji anayefuata, ambaye naye anafikiri kwa Kiswahili, anazisoma mara mbili kisha anamfuata mtu mlangoni.

Tumeamua hivi: marejeo yako kwa Kiingereza, kwa kuwa majina ya fanksheni ni ya Kiingereza na wenzetu wa nje wanayasoma. Masomo ya kuanzia, maelekezo ya uwanjani na ujumbe wa makosa yanayotokea mara nyingi viko kwa Kiswahili. Havitafsiriwi kutoka Kiingereza. Vinaandikwa upya na anayeifanya kazi hiyo.

Lakini hapo kuna mtego. Mmoja akiandika “bonde”, mwingine “beseni” na wa tatu “eneo la mto”, msomaji atadhani ni vitu vitatu. Tuna ukurasa mmoja wa faharasa: neno moja kwa kitu kimoja, na anayetaka kulibadilisha analileta mbele ya wote. Mabishano juu ya neno la kutumia kwa tambarare inayofunikwa na mafuriko yalichukua wiki nzima, na wiki hiyo haikupotea, maana tuligundua kwamba watu wawili walikuwa wakihesabu eneo tofauti kwa jina lilelile.

Dalili: nyaraka hazifunguki uwanjani

Bando limekwisha, au mtandao hakuna. Sphinx inaweza kutoa EPUB (kitabu cha kielektroniki) na PDF kutoka maandishi yaleyale. Weka faili hilo ndani ya kifurushi cha kusakinisha, mtu alipate pamoja na programu. Picha zipunguze ukubwa.

Dalili: hakuna anayesasisha

Watu watasema muda hakuna. Mara nyingi chanzo ni umbali: msimbo uko mahali pengine, nyaraka ziko kwenye tovuti nyingine yenye nywila aliyonayo mtu mmoja. Weka nyaraka kwenye ghala moja na msimbo, ili badiliko moja libebe vyote viwili. Anayekagua badiliko la msimbo aulize nyaraka zake ziko wapi kabla ya kuliidhinisha. Kila sehemu iwe na jina la mwenye kuitunza, mtu halisi, si “timu”.

Lakini kuna aina moja ya maarifa ambayo utaratibu huo hauikamati, nayo ndiyo inayoniuma zaidi inapopotea. Ni sababu za namba. Ndani ya Fortran yetu kulikuwa na mstari huu, bila maelezo:

`n_mto = 0.06`

Ni kigezo cha Manning, kinachoeleza mto unavyokwaruzana na maji. Vitabu hutoa takriban 0.03 kwa mto safi, ulionyooka, usio na magugu. Yetu ilikuwa mara mbili. Kijana mmoja aliyesoma vizuri aliiona, akaamini ni kosa, akairekebisha kwa nia njema. Maji kwenye ramani yakaanza kwenda haraka na kushuka chini kuliko alama zilizobaki kwenye kuta za nyumba.

Mzee aliyeiweka namba hiyo alikuwa amebakiza wiki chache astaafu. Nilimfuata na daftari. “Shikamoo mzee. Hii sifuri nukta sifuri sita ilitoka wapi?”

“Marahaba. Keti.” Akanieleza kwa Kiswahili chake cha pole. Walitembea kandokando ya mto baada ya mvua kwisha, wakapima alama za matope ukutani, wakajaribu namba moja baada ya nyingine hadi hesabu ikafika kwenye matope. “Mto wetu una matete, una matairi, una takataka. Hauendi kama wa kwenye kitabu.”

Niliyaandika maneno yake kama alivyoyasema, nikaongeza tarehe, namba walizozijaribu na kuzikataa, na kipande cha mto walichokipima. Ukurasa una aya nne. Nimeuweka kwenye folda ya maamuzi ndani ya ghala la msimbo, na juu ya ule mstari wa Fortran sasa kuna maoni yanayoutaja ukurasa huo kwa jina. Wiki zilizobaki tulikutana kila alasiri, namba moja kwa siku. Tulifika namba kumi na moja kabla hajakabidhi funguo.